Vidole, usukani na nukta mkato

Leo naomba ruhusa niziache kidogo habari za programu na seva. Nataka tuzungumze kuhusu usukani wa baiskeli. Najua kuna atakayeuliza, "Sasa hiyo na kompyuta vinahusianaje?" Vinahusiana sana. Tulia, utaona.

Sisi tunaoandika programu tunalipwa kupitia vidole kumi, na ukiitazama kibodi vizuri utagundua kazi haikugawanywa sawa. Kidole kidogo cha mkono wa kulia ndicho kinachobonyeza Enter, nukta mkato, mabano na alama za kunukuu. Kile cha kushoto kinashikilia Shift na Ctrl kutwa nzima. Yaani kidole tunachokidharau kuliko vyote ndicho kinachobeba alama ambazo bila hizo programu haiendi. Mwandishi wa barua anaweza kuishi bila nukta mkato. Sisi hatuwezi.

Sasa basi, kuna neva moja inayohudumia kidole hicho kidogo pamoja na nusu ya kidole cha pete. Inaitwa neva ya alna. Na hiyo hiyo ndiyo neva ambayo usukani wa baiskeli hupenda kuikandamiza. Hapo ndipo kazi yangu na baiskeli yangu vinapokutana.

Mimi nakaa upande wa Pioneer hapa Eldoret, na ofisi iko katikati ya mji (haya, jiji, maana tangu Agosti 2024 tuna hadhi hiyo). Siku za kazi ni mwendo mfupi, hakuna shida. Safari yenyewe ni ya Jumapili: Eldoret hadi Iten, kama kilomita 35, kupitia Kimumu na Chepkoilel. Eldoret iko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari na Iten kama mita 2,400, kwa hiyo unapanda kidogo kidogo muda mrefu, na mtu akipanda huinamia usukani. Baiskeli yangu ni ya mtumba, ya aina ya milimani, na usukani wake umenyooka kama fito.

Mwanzoni mwa 2024 ganzi ikaanza. Kwanza kama sisimizi wanaotembea kwenye kidole kidogo, kisha kidole cha pete, kisha ukingo mzima wa kiganja. Nikishuka kwenye baiskeli inapotea baada ya nusu saa. Baadaye ikawa inakaa mpaka jioni. Halafu ikafika Jumatatu. Nabonyeza Enter na sijui kama nimebonyeza mpaka nitazame kioo.

Wakati huo nilikuwa naandika mfumo wa kuwalipa wakulima wa maziwa kwa M-Pesa. Katika kazi kama hiyo alama moja ikikosewa, mkulima mmoja analipwa lita za jirani yake. Sikuwa tayari kuandika mfumo wa pesa za watu kwa vidole ambavyo sivisikii.

Nikaenda kwa daktari. Akaniuliza, "Unafanya kazi gani?" Nikamwambia, naandika programu za kompyuta, daktari. "Na wikendi?" Baiskeli. Akacheka kidogo. Akanipa karatasi niishike kati ya kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, kisha akaivuta. Baadaye nikajua kipimo hicho kina jina la Mfaransa, Froment. Misuli inayotegemea neva ya alna ikiwa imedhoofika, kidole gumba hujikunja chenyewe ili kuing'ang'ania karatasi. Changu hakikujikunja.

"Nguvu bado ipo," akasema. "Lakini neva ikibanwa muda mrefu huchukua miezi kupona, na wakati mwingine haiponi yote. Ama uiache baiskeli, ama uirekebishe."

Kuiacha sikutaka. Ndiyo usafiri wangu, na ndiyo inayonitoa mbele ya kioo cha kompyuta. Basi ikabaki kurekebisha.

Hebu fanya hivi. Geuza kiganja chako kitazame juu. Bonyeza pale kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, upande wa kidole kidogo. Utagusa kifupa kigumu, kama punje ya njegere. (Hata jina lake la Kilatini lina maana hiyo hiyo, umbo la njegere.) Kando yake kuna njia nyembamba ambamo neva ya alna inapita kuingia kiganjani. Daktari mpasuaji Mfaransa, Guyon, aliieleza njia hiyo mwaka 1861, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Neva pale haina misuli minene ya kuikinga. Ukiweka uzito wa kifua chako juu yake, halafu ukaongeza mitikisiko ya barabara kwa saa mbili, unajua kitakachotokea.

Ganzi ikiwa kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hiyo ni neva nyingine, ya mediani, inayopita katikati ya kifundo. Hiyo huumia zaidi mkono unapokunjwa kwenda nyuma, na wengi wetu tunaikunja hivyo hivyo tukiwa mezani. Kwa hiyo angalia ganzi iko vidole gani kabla hujagusa spana. Ndiyo ujumbe wa kosa unaotakiwa kuusoma kwanza.

Na hili si tatizo la watu wawili watatu. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa waendesha baiskeli 25 waliopimwa mikono kabla na baada ya safari ya kilomita 600. Watu 23 kati yao walipata dalili, ama ganzi, ama udhaifu wa misuli, ama vyote viwili. Walikuwemo wa baiskeli za barabarani na za milimani pia.

Sasa niwapeleke kwa fundi. Huyu ni mzee ambaye ametengeneza baiskeli tangu enzi ambazo maziwa yalifika mjini kwa Black Mamba, mikebe miwili nyuma. Nilimwambia nataka vishikio laini zaidi, vyenye sponji nene. Akanitazama.

"Kijana wangu, panda hiyo Mamba hapo."

Nikapanda, nikaegemea ukuta. Akaniambia nishike usukani halafu nitazame mikono yangu. Mnaijua Black Mamba: usukani wake umepinda kurudi kwa mwendeshaji, vishikio vinakuelekea mapajani. Mgongo wangu ulikuwa wima. Kifundo cha mkono kilikuwa kimenyooka na mkono wa mbele, kama mtu anayesukuma toroli. Uzito wote ulikuwa kwenye kiti.

"Sasa panda yako."

Nikapanda yangu. Kifua kikaenda mbele, mikono ikabeba mwili, na vifundo vikakunjika kwenda nyuma na kwa nje.

"Umeona? Sponji itafanya nini hapo?"

Jibu lake ndilo nililotaka kuwapa leo. Mkono unataka vitu vitatu: uzito mdogo, kifundo kilichonyooka, na mahali zaidi ya pamoja pa kushika. Ulaini unakuja baada ya hivyo vyote. Vishikio vinene vya sponji vinaweza hata kuongeza tabu, kwa sababu mkono mdogo ukishika kitu kinene unabana kwa nguvu zaidi, na sponji laini sana hudidimia mpaka kifupa kile cha njegere kikutane na chuma.

Black Mamba ilitengenezwa kwa mizigo na barabara mbovu, na ililijua jambo hili kabla yetu. Baiskeli ya milimani inataka uiname ili uidhibiti kwenye mawe na kona kali. Sitaki kubadilisha baiskeli, kwa hiyo kazi ilikuwa kuazima faida za Mamba bila kupoteza udhibiti.

Nikafanya kama tunavyotafuta hitilafu kwenye programu: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika. Njia ile ile ya Iten, siku ile ile ya Jumapili, na daftari dogo mfukoni. Kipimo kilikuwa kimoja tu: ganzi inaanza dakika ya ngapi. Kabla ya kugusa chochote ilikuwa dakika ya 40.

1. Kiti. Ndiyo, kiti! Changu kilikuwa kimeinama mbele kidogo, kwa hiyo kilikuwa kinanimwaga kwenye usukani kila dakika. Tulikiweka sawa kwa pima maji. Gharama: sifuri. Ganzi ikahamia dakika ya 55. Kabla hujanunua chochote, jaribu hili kwenye barabara tambarare: legeza vidole mpaka viguse tu usukani. Ukihisi unaanguka mbele, tatizo lako liko kwenye kiti na urefu wa usukani, na hakuna kishikio cha dukani kitakachokusaidia.

2. Pembe ya mikono ya breki. Hiki ndicho kitu kinachosahaulika zaidi. Breki ikiwa imelala bapa, kila ukiigusa unakunja kifundo kwenda nyuma. Ikiwa imeelekea chini sana, unakikunja kwa mbele. Kaa kwenye baiskeli, nyoosha vidole vifuate mstari wa mkono wako, na pale vinapoangukia ndipo breki inapotakiwa kuwa. Unalegeza skrubu moja kwa spana ndogo ya umbo la L (nyingi ni ya milimita 5), unazungusha, unakaza. Nikafika dakika ya 65.

Hapo hapo tukasogeza breki ndani kidogo, kuelekea katikati ya usukani. Mkono wa breki ni wenzo, na ukiuvuta kwenye ncha unapata nguvu zaidi kuliko ukiuvuta karibu na ekseli yake. Sasa nafunga breki kwa vidole viwili, cha shahada na cha kati, na vile vingine vinabaki vimeshika usukani. Breki nyingi zina pia skrubu ndogo ya kuuleta mkono wa breki karibu na vidole. Mwenye vidole vifupi, itafute hiyo.

3. Upepo wa tairi. Tairi zangu ni za upana wa inchi 2 na nilikuwa nazijaza mpaka PSI 60. Nikashusha hadi 40. (Usiende chini ya kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.) Mitikisiko inayofika mkononi ikapungua papo hapo, hasa kwenye vipande vya murram. Dakika ya 75.

4. Vishikio. Hapa ndipo pesa zinapoanza kutoka. Usukani ulionyooka una kipenyo cha milimita 22.2 pale unaposhika, kwa hiyo vishikio vingi vinaingiliana. Nilichagua vile vyenye ubawa, vipana upande wa nyuma. Kampuni ya Ujerumani iitwayo Ergon ndiyo iliyovitangaza sana aina hii, na siku hizi kuna vya kuiga vya kila bei. Ubawa unatandaza uzito kwenye eneo kubwa la kiganja na kukiinua kifundo kisizame. Sharti ni kuupanga kwa pembe sahihi. Ubawa ukielekea juu sana, unakukandamiza pale pale unapopakimbia. Panga, endesha kilomita mbili, simama, panga tena.

Chagua vinavyokazwa kwa skrubu kwenye usukani. Vishikio vya mpira vinavyovutwa tu huingia maji ya mvua na kuanza kuzunguka. Kishikio kikizunguka wakati unakata kona, hiyo tena si habari ya starehe.

5. Pembe za usukani. Ni vipande viwili vifupi vinavyofungwa kwenye ncha na kuelekea mbele. Vilikuwa fasheni kubwa miaka ya 1990, kisha vikachekwa. Mimi navipenda. Ukizishika pembe, viganja vinatazamana kama unayesalimiana na mtu, kifundo kimenyooka kabisa, na uzito unahamia sehemu nyingine ya mkono. Kila dakika tano nabadilisha: vishikio, pembe, vishikio. Jumapili ya kwanza nikiwa nazo nilifika Iten bila ganzi. Nilisimama pale juu nikifungua na kufunga vidole kama mtoto aliyepewa kitu kipya.

Lakini sikiliza: kwenye pembe hakuna breki. Usizishike ukiwa Uganda Road katikati ya matatu na bodaboda. Ni za mlima na barabara iliyo wazi.

6. Glavu na blada. Glavu zinasaidia, zaidi kwa baridi ya asubuhi ya Julai kuliko kwa ganzi, maana vidole vilivyoganda havifungi breki vizuri. Pedi yake iwe pande mbili za njia ya neva, isiwe juu yake. Na kwa asiyekuwa na pesa kabisa, kuna ile dawa ya zamani ya kufunga usukani kwa vipande vya blada ya tyubu kuukuu. Haichekeshi. Katika Paris–Roubaix, mashindano ya Ufaransa yanayopita kwenye barabara za mawe, waendeshaji wengi wamekuwa wakizungushia usukani utepe tabaka mbili kwa sababu hiyo hiyo. Funga kwa kupishanisha sawasawa, kusiwe na nundu, na usilifanye nene mpaka vidole visifike kwenye breki.

Nimesema habari za udhibiti mara kadhaa, niieleze vizuri. Ukifika Iten, barabara ya Kabarnet inashuka ukingo wa bonde kupitia Tambach mpaka Kerio chini, kona baada ya kona. Kule unashika breki muda mrefu. Mtu ambaye vidole vyake vimekufa ganzi wakati wa kupanda anaanza kushuka akiwa hajui anabana breki kwa nguvu kiasi gani. Anabana sana, gurudumu linateleza. Anabana kidogo, kona inamkuta na mwendo. Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia mambo haya ni ya watu wanaotaka raha. Mkono unaosikia ndio unaoongoza baiskeli.

Na siku hizi watu wengi zaidi wanazoea safari ndefu za barabara za vumbi. Tangu 2021 kuna Migration Gravel Race kule Maasai Mara, siku nne, kama kilomita 650. Iten kwenyewe kuna kituo cha Team Amani, na Jumapili huwa wananipita kana kwamba nimesimama. Ukitaka kuifuata njia hiyo, anza na mikono mapema kuliko miguu. Miguu ikichoka unapumzika kesho. Neva ina kalenda yake.

Jambo moja la usalama kabla sijamaliza. Ncha za usukani ziwe na vizibo, kila wakati. Bomba la chuma lililo wazi, ukiliangukia, linakata nyama kama kikata biskuti. Kizibo kimepotea? Weka hata kizibo cha soda ya plastiki kilichochongwa kikae imara. Na ukishafunga kishikio au pembe, jaribu kuizungusha kwa nguvu zako zote ukiwa umesimama. Afadhali ikusaliti hapo nyumbani.

Kwa upande wa pesa, tatu za kwanza hazikunigharimu hata shilingi, na ndizo zilizoiondoa karibu nusu ya tatizo. Kwa hiyo fuata mpangilio huo huo: kiti, breki, upepo, halafu ndio uende dukani. Anayeanza na duka anaongeza kifaa juu ya hitilafu ambayo bado ipo, na kwenye fani yetu tunajua hiyo huishia wapi.

Mwisho, ganzi ikikaa siku kadhaa bila kuondoka, ukianza kuangusha vikombe, au ukiona nyama ya kati ya kidole gumba na cha shahada inabonyea, usimwendee fundi. Nenda hospitali. Fundi anarekebisha usukani, neva ina wenyewe.

Mfumo wa maziwa ulikamilika na unafanya kazi. Daftari bado liko mfukoni, na ukurasa wa sasa ni wa magoti. Hiyo tutaizungumza siku nyingine. Jumapili njema, na mkaze vizibo.